Nimefunga plagini, mbona memori haishuki?

SWALI: Mfumo wangu wa stoo umeandikwa kwa Java. Kila plagini (programu ndogo ya nyongeza) ina jar yake, yaani faili lenye klasi zake, naipakia kwa kipakizi chake, URLClassLoader. Nikileta toleo jipya, naita close() kwenye kipakizi cha zamani, halafu System.gc() ili memori isafishwe. Hata hivyo, baada ya siku kadhaa seva inakufa kwa OutOfMemoryError: Metaspace, yaani memori ya taarifa za klasi imejaa. Niongeze kikomo chake, MaxMetaspaceSize?

JIBU: Ukiongeza, itakufa wiki ijayo badala ya leo.

Hiyo close(), iliyokuja na Java 7, kazi yake ni kuachia faili za jar. Klasi zilizokwisha kupakiwa haizigusi. Sijui nani aliwaambia watu kwamba inazifuta, maana kila mara naulizwa hilihili. Klasi huondoka pamoja na kipakizi chake, na kipakizi huondoka pale tu kinapokosa kabisa cha kukishikilia. Kuita System.gc() kabla ya hapo ni kumfokea mfagiaji atoe mtu ambaye bado amekaa chumbani.

Aliyekaa humo mara nyingi ni thredi, yaani mkondo wa kazi ambao bado unaendelea: plagini ilianzisha ScheduledExecutorService ya kuendesha kazi kwa ratiba, wala hakuna aliyeita shutdown(). Au ni draiva ya JDBC, ya kuunganisha na hifadhidata, iliyojisajili kwa DriverManager. Ya kuifuta kwenye sajili, deregisterDriver(), iite ndani ya plagini yenyewe. Ukiiita kutoka programu mama, utarushiwa SecurityException. ThreadLocal nazo, yaani thamani zinazotunzwa ndani ya thredi, zimo.

Piga jcmd na namba ya prosesi, kisha VM.classloader_stats. Vipakizi vikiongezeka kila ukibadili plagini, chukua heap dump (nakala ya memori), ifungue kwa Eclipse MAT, zana ya kuichambua, ufuate njia hadi GC root, yaani mzizi unaozuia kitu kisifagiliwe. Utamkuta mshikaji kwa jina lake. Kila plagini iwe na stop() yake, na uiite kabla ya close().

Ila utashauriwa pia uachane na haya yote, uchomeke jar kwenye kipakizi cha mfumo, kile kinachopakia programu mama, kwa kulazimisha addURL. Wanaonakili msimbo huo hawajui kwamba ulikufa na Java 9, mwaka 2017: kipakizi hicho si URLClassLoader tena, unaambulia ClassCastException. Dawa yao? Urudi Java 8!

Wengine wanadai kipakizi cha peke yake ni ulinzi. Si kweli. Plagini yoyote inaweza kuita System.exit() ikazima seva nzima, na SecurityManager iliyokuwa ikizuia hayo imefungwa moja kwa moja tangu Java 24. Plagini ya mtu usiyemjua iendeshe kwenye prosesi yake, chini ya akaunti isiyo na ruhusa ya kugusa hifadhidata yako.