Jibu: Usirekodi hiyo ngoma jioni, mkuu

Mkuu, ahirisha kwanza. Umesema unakwenda Chamwino jioni kurekodi kina mama wakicheza muheme, ngoma ya Wagogo, simu ikiwa kwenye fremu 24 kwa sekunde, kisha MediaPipe (programu inayosoma mwendo wa mwili kwenye video) ikutolee mwendo wa katuni yako ya Blender, ile programu ya kutengeneza katuni. Ukauliza ununue kompyuta gani na kama kamera moja inatosha. Nani amekwambia 24?

Namjua. Au ni ndugu yake na yule aliyenilia hela ya kozi mtandaoni: "Fremu 24, shata 1/50, upate mwonekano wa sinema." (Shata ni muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu; 1/50 ni sehemu moja ya hamsini ya sekunde.) Sinema ya nani? Kwa macho ya mtu, ukungu wa mkono unaokimbia ni mtamu. Programu haitazami utamu, inatafuta kiwiko kiko wapi katika kila fremu. Mkono unaokwenda mita 3 kwa sekunde, kwa shata ya 1/50 unasogea sentimita 6 ndani ya fremu moja. Kiganja hakionekani, programu inakisia: fremu hii kipo huku, inayofuata kule. Mhusika wangu alitoka anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa, na wachezaji nilishawalipa, nauli na soda juu, wameshatawanyika.

Nikalainisha mwendo. Mtetemo ukaisha, na ngoma ikaisha nayo. Bega lililokuwa linadunda likabaki linayumba tu. Nikamrudia mwalimu, akaniambia ninunue kozi ya pili. (Sikununua. Akili kidogo ninazo.)

Shata 1/500, jua likiwa juu. Dodoma jua tunalo la kugawa, unangoja jioni ya nini? Simu ikiachwa ijipangie, mwanga ukipungua inarefusha shata kimyakimya, kwa hiyo tafuta programu ya kamera inayokuruhusu kuifunga mwenyewe. Fremu 60 ni nzuri ila haikuokoi. Fremu 60 kwa shata 1/60 bado ni ukungu. Wala usikimbilie ukumbini kwenye taa za tyubu: umeme wetu ni hezi 50, ukiwa na shata ya kasi picha inapepesa.

Kamera ya pili inasaidia, maana ngoma zinazobanwa magotini zinaficha miguu. Lakini kamera mbili zenye ukungu ni hasara mara mbili.

Kabla ya kuita mtu, simama uani kwako mchana, rusha mkono, rekodi. Simamisha video mkono ukiwa hewani, hesabu vidole. Visipohesabika, usimtumie mtu nauli.