Kamera ndogo ya video: anza na sauti

Kamera yangu ya kwanza niliichagua kwa namba kubwa ya zumu iliyoandikwa ubavuni. Siku ya ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) ya dada yangu, Limuru, nilirekodi kwa muda wa karibu saa mbili, na picha zilitoka safi. Lakini nyanya aliposimama kutoa baraka, upepo ulikuwa ukipiga hema na jenereta ikinguruma nyuma yake. Midomo inaonekana ikisema, maneno hayasikiki. Baraka haiombwi irudiwe kwa sababu ya kamera.

Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachotafuta, nawe unayeanza ukitafute, ni tundu la kuchomeka maikrofoni ya nje, lile la milimita 3.5. Kamera nyingi za bei nafuu hazina. Ukilipata, maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo itakufaa kuliko zumu yoyote. Tundu la visikizi likiwepo pia, bora zaidi, maana utasikia kasoro tukio likiendelea, si jioni ukiwa nyumbani.

Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki jijini Nairobi, maduka yana taa kali, na chini ya taa hizo kila kamera inapendeza. Video za nyumbani hazirekodiwi hivyo. Ni sebuleni usiku, balbu moja, mtoto anazima mishumaa ya keki. Omba urekodi kwenye ngazi au kona yenye giza, ukitumia kadi yako, kisha utazame kwenye kompyuta. Kioo kidogo cha kamera huficha chengachenga. Mwombe muuzaji pia ahesabu kwa sauti huku akielekea mlangoni, kwenye kelele za barabara, usikie namba zinapotelea wapi.

Kuhusu zumu, hesabu ile ya lenzi tu. Ya dijitali hukata kipande cha picha na kukikuza, jambo unaloweza kulifanya baadaye mwenyewe.

Za mitumba zina mtego wake. Iliyotengenezewa soko la Marekani au Japani mara nyingi hurekodi fremu 30 au 60 kwa sekunde, na umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo chini ya baadhi ya taa picha humetameta. Hakikisha unaweza kuweka shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde. Chaja nayo isomeke hadi volti 240.

Betri ya pili nunua siku hiyo hiyo.

Full HD ya megabiti 24 kwa sekunde hula takriban GB 11 kwa saa, kwa hiyo kadi ya GB 32 inatosha sherehe fupi. 4K, yenye picha za kina zaidi, ya megabiti 100 hufika GB 45 kwa saa. Kadi bandia zipo, huandikwa ukubwa ambao hazina. Mimi kadi mpya huijaza yote nyumbani, kamera ikitazama dirishani, kisha nakagua dakika za mwisho kabla sijaipeleka kwenye sherehe ya mtu.