Steringi Amekufa, Niendelee Kutazama?

SWALI: Shikamoo dada. Kaka yangu alinishawishi nianze kutazama tamthilia ya Game of Thrones. Nikampenda Ned Stark kuliko wote, nikajua huyu ndiye steringi. Kufika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, wakamkata kichwa huku binti yake Sansa akipiga kelele! Nililia, nikazima televisheni, na mpaka leo sijairudia. Kaka ananicheka, eti namlilia mtu ambaye hayupo. Je, nina kasoro? Na kwa nini wanaua watu wazuri?
Mlizi wa Kochini

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Huna kasoro yoyote. Mimi upanga ule uliposhuka nilirudisha nyuma mara mbili nikidhani nimeona vibaya. Kabla ya hapo nilikuwa nimeangalia dakika zilizobaki nikajipa moyo: muda bado upo, atatokea mtu na farasi amwokoe. Hakutokea mtu. Na jina la Sean Bean, aliyemwigiza Ned, ndilo lililokuwa likitangulia mwanzoni mwa kila sehemu! Sisi tumelelewa na filamu ambazo steringi hafi. Anapigwa risasi ya bega, anajifunga kitambaa, anaendelea na safari.

Hata hivyo, nakuomba urudie sehemu ya saba. Ned anamfuata malkia Cersei bustanini, anamwambia siri ya wanawe ameijua, kwamba baba yao si mfalme, kisha anamsihi akimbie nao kabla mfalme hajarudi kutoka kuwinda. Anawahurumia watoto. Huruma ile ndiyo iliyompa adui nafasi ya kujipanga. Kwa hiyo hakuuawa ili sisi tushtuke tu. Kifo chake kimetoka ndani ya tabia yake, tabia ile ile iliyotufanya tumpende. Ndiyo maana kinauma hivi. George R. R. Martin, mwandishi wa hadithi yenyewe, alikwisha kuandika kifo hicho katika kitabu chake cha 1996, miaka 15 kabla ya tamthilia kuonyeshwa.

Kinachonikera mimi ni kifo kinachofutwa. Katika tamthilia ya Dallas, Bobby Ewing alikufa mwaka 1985, watazamaji wakaomboleza. Mwaka 1986 Pam, mpenzi wake, akaamka, akamkuta anaoga bafuni, na vituko vyote vya msimu mzima vikageuzwa kuwa ndoto ya Pam. Yaani machozi ya watu yote yale, bure! Afadhali Ned, aliyekufa akafa kweli.

Kwa hiyo rudi kochini. Watoto wake wametawanyika, na kila mmoja anapokata shauri utamwona baba yao. Misimu minne ya kwanza itazame polepole. Wa nane, wenye sehemu sita tu, uliniudhi kwa haraka yake: mtu anabadilika moyo kabla hujakaa vizuri. Utakapoufikia niandikie tena, tuulalamikie pamoja. Na huyo kaka mwambie kwamba anayeweza kumlilia mtu wa hadithini ameisikiliza hadithi kwa moyo wake wote.

SWALI: Rafiki yangu hutangulia kutazama, kisha ananisimulia mwisho hata kabla sijamkaribisha kiti. Nimfanyeje?
Nimechoka

JIBU: Mwambie wazi kwamba anakunyang'anya kitu usichoweza kukipata mara ya pili. Alfred Hitchcock alilijua hilo: filamu yake ya Psycho ilipotoka mwaka 1960, alitaka kumbi zisimwingize mtu yeyote baada ya filamu kuanza. Alikuwa na sababu. Janet Leigh, nyota mkubwa wa filamu ile, anauawa kabla hata haijafika nusu. Aliyechelewa angekaa akimsubiri mpaka taa ziwashwe. Rafiki akikataa kunyamaza, tazameni pamoja, siku moja, saa moja. Mimi na mdogo wangu ndivyo tulivyopatana, na sasa zamu ya kushika rimoti tunapokezana.

SWALI: Eti ni kweli mwigizaji anaweza kumwokoa mhusika asiuawe?
Mfuatiliaji

JIBU: Ni kweli, na mfano niupendao ni Jesse Pinkman wa Breaking Bad. Vince Gilligan, aliyeibuni tamthilia hiyo, amewahi kueleza kwamba mwanzoni alikusudia Jesse afe katika msimu wa kwanza. Alipoona Aaron Paul anavyoigiza, akaghairi. Jesse akadumu mpaka sehemu ya 62, ya mwisho, mwaka 2013. Sasa jaribu kuifikiria tamthilia ile bila yeye: mhusika mkuu, Walter White, angemdanganya nani, angemwonea nani, angemlinda nani? Mimi Walter nilimchukia siku alipomtazama Jane, mpenzi wa Jesse, akipaliwa na matapishi usingizini, kando ya Jesse aliyelala fofofo, asinyooshe mkono. Kama Jesse angekuwa amekufa zamani, tukio lile lisingekuwepo, na mimi huenda ningemtetea Walter mpaka mwisho.