Gredi ya 7 Ikae Wapi? Kwa Mgeni Kwenye Bodi ya Shule

Ukiteuliwa leo kwenye bodi ya shule ya msingi hapa Kenya, au ukiwa na shule yako binafsi na wazazi wanakuuliza kama utafika Gredi ya 9, utakutana na swali hili mapema: watoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9, wa miaka 12 hadi 15, wawekwe na nani? Na wadogo wa chekechea, na wakubwa wa sekondari, au peke yao? Nimefundisha rika hili tangu enzi za mfumo wa zamani wa 8-4-4, na nimekaa kwenye bodi pia. Msimamo wangu ni kwamba wabaki kwenye kiwanja walichokizoea, lakini maisha yao ya shule yabadilike.

Mpango wa mwanzo haukuwa huo. Gredi ya 7 ilikuwa iende shule za upili, na madarasa mapya yakajengwa huko. Kisha Desemba 2022 jopo la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu likapendekeza Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ibaki katika shule za msingi, na Januari 2023 kundi la kwanza likaanza. Walimu wenzangu wengi walinung'unika, na walikuwa na haki: maabara zilikuwa upande ule mwingine wa ua. Hata hivyo, kwa mtoto mwenyewe naona uamuzi ule ulikuwa na faida kubwa, maana ulimpunguzia kuhama.

Usidharau kuhama. Mtoto akibadilisha shule anampoteza mwalimu anayejua kwao kukoje, marafiki, na nafasi yake ya kuwa mkubwa kiwanjani, vyote kwa mpigo, tena wakati sauti inavunjika au hedhi inaanza. Wamarekani wamelihangaikia jambo hili zaidi ya karne. Shule ya Indianola mjini Columbus, Ohio, iliyoanza 1909, ilichukua darasa la 7 hadi la 9, sawasawa na sisi sasa. Kuanzia miaka ya 1960 wilaya nyingi zikageukia la 6 hadi la 8, kwa hoja kwamba watoto wanabalehe mapema zaidi, ingawa msongamano madarasani nao uliamua mengi. Baadaye miji kama Philadelphia ikarudisha baadhi ya shule kwenye mtindo wa chekechea hadi la 8. Watafiti Guido Schwerdt na Martin West walipofuatilia wanafunzi wa Florida, waliona alama za wanaohamia shule ya kati zikishuka wakilinganishwa na wenzao wasiohama, na pengo hilo likadumu hadi darasa la 10.

Ila usitafute gredi ambayo utu uzima unaanzia. Haipo. Kwa kawaida wasichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Maana yake Gredi ya 5 tayari ina wasichana wanaohitaji sodo, na Gredi ya 8 ina wavulana ambao bado ni watoto kabisa. Sheria iliyorekebishwa 2017 inaitaka serikali kutoa sodo bure kwa msichana wa shule ya umma aliyebalehe, haijalishi yuko gredi gani. Kwa hiyo zikiletwa, zisifungiwe kwenye ofisi ya Sekondari Msingi. Vyoo vya wasichana wakubwa navyo viwe na mlango unaofungika kwa ndani na maji karibu. Kagua mwenyewe; usitosheke na kusomewa ripoti mkutanoni.

Sasa lililo gumu zaidi. Hadi Gredi ya 6 mtoto amezoea walimu wachache wanaomjua vizuri. Akiingia Gredi ya 7 anakuta masomo 9, na karibu kila kipindi uso mpya. Mtaala unataka hivyo, na sayansi inahitaji mtu aliyeisomea. Lakini mtoto wa rika hili akifundishwa na wengi, ni rahisi akose hata mmoja anayegundua kwamba ameacha kula chakula cha mchana. Ndiyo maana nasisitiza mwalimu wa darasa apande na watoto wake, kutoka Gredi ya 7 hadi ya 9, asibadilishwe kila Januari. Mwalimu mkuu atakwambia ratiba hairuhusu. Mwombe akuonyeshe ratiba yenyewe, mara nyingi nafasi hupatikana. Hapo ndipo ningepigana kuliko kwenye rangi ya sare, ambayo nimeona ikila mikutano mizima.

Wape pia gwaride lao angalau mara moja kwa wiki, viranja wao, na naibu anayewajibika kwao. Kijana wa miaka 14 akiimbishwa nyimbo za PP1, darasa la kwanza la chekechea, kila asubuhi atatafuta heshima kwingine, na si lazima iwe mahali utakapopapenda. Kwa shule za umma, hesabu zitenganishwe: serikali imepanga shilingi 15,042 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa Sekondari Msingi na 1,420 kwa wa msingi, na fedha hizo zikichanganywa ugomvi wa walimu hauishi.

Msimamo wangu una mpaka. Kama Gredi ya 7 yako ina watoto kumi na wachache, huwezi kupata walimu wa masomo yote wala maabara. Afadhali uungane na shule jirani au uombe siku maalumu katika maabara ya sekondari iliyo karibu, kuliko kung'ang'ania bango la "hadi Gredi ya 9" kwa ajili ya karo.

Na mzazi akija kumhamisha mtoto katikati ya Gredi ya 8, kaa naye chini. Katika kuwapanga wanafunzi kwenda Sekondari Pevu, inayoanzia Gredi ya 10, tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6 huchangia asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA ya Gredi ya 9 asilimia 60. Hakikisha alama zake zote zimeingizwa kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani kabla hujatia saini barua yake ya uhamisho.