Kijana wa miaka 16 na besiboli Marekani: mpime kwanza, lipa baadaye

Dada, nimekuelewa: kocha wa shule anamsifu kijana wako, na sasa unatakiwa kulipa mamia ya dola ili aonekane mbele ya maskauti, yaani watafuta vipaji wa timu. Usilipe bado. Mpime mwenyewe, simu tu inatosha. Akigonga, anza kupima muda mpira unapogusa gongo lake, simamisha saa mguu wake unapokanyaga kituo cha kwanza, yaani alama ya kwanza anayokimbilia. Kwa anayegonga kwa mkono wa kulia, wastani wa ligi kuu ya Marekani (MLB) ni kama sekunde 4.3, akiukaribia, ana mbio kweli. Rudia mechi kadhaa, maana kipimo kimoja hakisemi kitu.

Maskauti hupima pia mbio za yadi 60 na kasi ya mpira kwa rada, kisha hutoa alama kati ya 20 na 80. Ila humtazama vilevile anavyojibeba akitolewa bila kugonga kitu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mkono wake, kwa kuwa ni mrushaji, yule anayemrushia mgongaji mpira. Mwongozo wa Pitch Smart, wa kulinda mikono ya warushaji vijana, unasema umri huo asizidishe mirusho 95 kwa siku, na akipita 75 apumzike siku 4. Hesabu mwenyewe, usimwachie kocha. Kiwiko kikiuma, asirushe tena mpaka aonwe na daktari wa michezo.