Ugomvi wa siku ya mwisho umeniharibia safari nzima

SWALI: Tulisafiri na mwenzangu siku kumi. Tisa zilikuwa raha tupu. Ya kumi tukagombana njiani tukirudi. Sasa nikiikumbuka safari ile roho inaniuma. Je, raha ile ilikuwa ya kweli?

JIBU: Ilikuwa ya kweli, ndugu msomaji, na ugomvi haukuifuta. Kilichoharibika ni kumbukumbu. Mtu akikumbuka jambo hajumlishi saa zote alizoishi. Kinachomkaa zaidi ni kilele cha jambo na mwisho wake, na urefu wake huhesabika kidogo sana.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwatumbukiza watu mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 za Selsiasi kwa sekunde 60. Zamu nyingine ilikuwa sekunde 60 hizo hizo, kisha 30 za ziada huku maji yakipandishwa taratibu hadi nyuzi 15. Bado yaliuma, ila yalipungua ukali. Walipoulizwa warudie zamu ipi, wengi walichagua ile ndefu. Waliumia zaidi kwa jumla, lakini iliisha kwa nafuu.

Basi zirudie siku zako kwa maandishi. Chukua siku moja, uigawe vipande vya kati ya dakika 15 na saa 2. Kwa kila kipande andika kilianza na kuisha saa ngapi, ulikuwa wapi, na nani, ukifanya nini. Hapo ndipo utoe alama, 0 hadi 6, za furaha na za kero, kila moja peke yake. Ukianza na alama utakuwa unapima hasira ya leo, na wengi hukosea hapo. Njia hii hufaa zaidi kwa siku ya jana. Kwa safari iliyopita, jikumbushe kwa picha na ujumbe mliotumiana, kwa mpangilio wa saa. Ugomvi wenyewe karatasi haitaumaliza: kaeni mzungumze. Na safari ijayo, fungeni mizigo mapema, siku ya kurudi msiibane.

SWALI: Nikipiga picha nyingi nitakumbuka vizuri zaidi?

JIBU: Si lazima. Mwanasaikolojia Linda Henkel alionyesha mwaka 2014 kwamba watu walivikumbuka kidogo vitu vya makumbusho walivyovipiga picha kuliko vile walivyovitazama tu. Walipovuta kamera karibu (zoom) kwenye sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo. Tazama kwanza, kisha piga chache.