Korona imeondoka, kizunguzungu kimebaki

Homa ilikwisha, harufu ikarudi, lakini kichwa kikakataa kutulia. Nikijigeuza kitandani upande wa kulia, dari inazunguka na kichefuchefu juu. Taabu zaidi ilikuwa kwenye swala: paji la uso likigusa mkeka tu, msikiti mzima unapinduka. Nikahamia kwenye viti vya nyuma, pamoja na wazee.

Watu walisema presha, wengine malaria. Vipimo vikatoka safi. Ukienda hospitali, usiishie kusema unasikia kizunguzungu. Eleza kinakuja ukifanya nini, kinakaa muda gani, na masikio yanasikiaje. Kinachokuja ukisimama, moyo ukienda mbio, kisha kikatulia ukilala, mara nyingi ni cha mapigo ya moyo na mzunguko wa damu, na Korona huweza kukiacha pia. Kinachozungusha kutwa kucha bila kukoma huenda ni mshipa wa fahamu wa sikio la ndani umevimba. Changu hakikufika dakika moja, na kilifuata kila nilipogeuza kichwa: chembe za chokaa zilikuwa zimetoka mahali pake sikioni na kuingia kwenye vijifereji vya mizani ya mwili.

Hizo hazirudishwi na kidonge. Daktari wa masikio alinilaza ghafla, kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda kimeelekea kulia, akatazama macho yangu yakichezacheza. Yalipotulia akakigeuza kushoto, akanibiringisha ubavu uso ukitazama sakafu, kisha akaniketisha. Zoezi hilo huitwa Epley, na huchukua dakika chache. Chembe zikitoka tena, hurudiwa. Usijifanyie kwa video ya simu kabla hujajua ni sikio lipi, hasa kama shingo yako ni mbovu.

Kuyumbayumba kulibaki kwa muda. Vidonge vya kizunguzungu ni vya siku chache za mwanzo. Ukivishikilia, ubongo unachelewa kuzoea. Nyoosha kidole gumba mbele yako, macho yabaki pale pale, kichwa kiende kulia na kushoto. Utajisikia vibaya kidogo, na ndivyo ubongo unavyojifunza. Nyumbani watakwambia ulale tu. Waitikie kwa adabu, kisha uinuke utembee.

Ila maneno yakikokota, uso ukipinda, mkono ukilegea, ukiona vitu viwili viwili au ukishindwa kabisa kusimama, hicho huenda ni kiharusi: kimbia hospitali. Na sikio likiacha kusikia ghafla, nenda siku hiyo hiyo, kwani dawa zake zinataka kuwahiwa.